Naomba ushauri: "modeli ya kimaumbile" au "modeli ya kifizikia"?

Mfasiri wa Kisauni
Assalamu alaikum wanajukwaa. Ninafasiri ripoti ya visima na mafuriko itakayosomwa na wazee wa mtaa wetu hapa Mombasa, nami nimekwama kwenye majina ya modeli mbili. Moja hukokotoa mwendo wa maji kwa kanuni za fizikia. Nyingine hutazama kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita, ikakadiria zijazo. Ya kwanza niliiita "modeli ya kimaumbile", lakini mzee mmoja aliposoma rasimu aliniuliza kama ni ule mfano wa mto unaojengwa kwa mchanga na saruji ndani ya maabara. Nilikosa jibu.

Fundi Visima
Mzee ameuliza jambo la maana sana. Jina la "kimaumbile" liachie mfano huo wa maabara. Yako iite "modeli ya kifizikia", kwa kuwa msingi wake ni milinganyo. Mfano tunao hapa pwani, kwenye visima vya mawe ya matumbawe. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi, na kwa kanuni ya wataalamu Ghyben na Herzberg, penye mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo pampu ikishusha maji kidogo tu kwa muda mrefu, maji ya chumvi hupanda sana kutoka chini, na ndoo huanza kutoka na chumvi ilhali kisima hakijakauka. Kanuni hiyo haikuhitaji kumbukumbu za mvua, ila tofauti ya uzito wa maji.

Mwalimu wa Hesabu, Likoni
Naafikiana na Fundi, na ya pili ni "modeli ya kitakwimu". Ila nakusihi, ndugu yangu, usiandike "mvua ya miaka 100" ukaishia hapo, kwa sababu msomaji atadhani ikishanyesha tumesalimika kwa karne nzima. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ambao katika miaka 30 hufikia takriban asilimia 26. Mtu anayejenga nyumba bondeni anastahili kuelezwa hivyo. Ongeza pia kwamba kumbukumbu za mto zilizoandikwa kabla mtaa haujasakafiwa haziwezi kuonyesha maji yatakayotiririka leo.

Mfasiri wa Kisauni
Ahsanteni sana. Nitaanza kumsomea mzee sehemu ya kisima, kwani cha uani kwake kimeingia chumvi tangu alipoweka pampu.