Uhandisi umeme mwaka wa 4: niandae nini kabla ya kumaliza ili niajiriwe Ujerumani?

Mwaka_wa_Nne:
Wakuu, salamu. Namalizia uhandisi umeme hapa Dar, nalenga viwanda vya Ujerumani, upande wa PLC (kompyuta ndogo za kuendesha mitambo). Shahada yetu inakubalika kule yenyewe, au nianze na usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi)? Na kuna la kufanya nikiwa bado chuoni?

Voltmita:
Mkuu, ERB itakufaa hapa nyumbani na, kwa makubaliano ya 2012, Kenya na Uganda. Kwa viza ya Ujerumani wanaangalia anabin, kanzidata yao ya bure mtandaoni ya vyuo na shahada za nje. Chuo kiwe na alama ya H+ (kinatambuliwa), na shahada yenyewe iandikwe "entspricht" (inalingana) au "gleichwertig" (ina thamani sawa). Ukivipata vyote, printi kurasa hizo uambatishe kwenye maombi. Wengi wakiiona H+ wanashangilia, kumbe shahada yao haimo kabisa. Ikiwa hivyo, unaomba tathmini ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje, euro 208.

Na kagua jina lako leo hii. Cheti na pasipoti vikitofautiana hata herufi moja utaulizwa. Sahihisha kabla cheti hakijachapwa; baada ya hapo ni viapo na foleni za wanasheria.

Nyaya_Tatu:
Naongezea kuhusu Blue Card, kibali cha kuishi na kufanya kazi kule kwa wenye shahada. Unatakiwa uwe na mkataba wa kazi usiopungua miezi 6. Mshahara wa chini kwa fani zenye uhaba, uhandisi ukiwemo, ulikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka 2025, na kiwango hubadilika kila Januari, kwa hiyo soma cha mwaka utakaoomba. Sheria haidai Kijerumani kwa kadi hiyo, ila viwandani mafundi na maelekezo ya usalama ni Kijerumani. Kufika B2 (ngazi ya lugha ya kati ya juu) ni vipindi kati ya 600 na 800 vya dakika 45. Ukisubiri mahafali umechelewa.

Kwenye PLC usiishie Ladder, lugha ya kupanga kwa michoro. Jifunze na Structured Text, ya kuandika kwa maneno; zote zimo kwenye IEC 61131-3, kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC. Mradi wako wa mwisho uchore kwa alama za IEC 60617, kiwango cha kimataifa cha alama za michoro ya umeme. Mchoro huo mwajiri atausoma bila mkalimani.

Mwaka_wa_Nne:
Shukrani wakuu. Kwenye CV naweza kujiandika "Ingenieur" (mhandisi)?

Voltmita:
Usijiandike hivyo bado. Cheo hicho kinalindwa na sheria za majimbo, unakiombea kibali. Kuajiriwa kwenye kazi ya uhandisi hakukihitaji. Andika jina la shahada kama lilivyo kwenye cheti.