Tupeane uzoefu: neno gani la Kiingereza lilikushtua ulipojua lilikotoka?

Mleta mada
Wakuu, habari. Nianze mimi. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar. Neno "tariff" nakutana nalo kutwa kwenye makaratasi. Siku moja mteja wetu, Mwarabu mtu mzima, akaliwekea kidole: "Hii si taarifa?" Nikamwambia hapana mzee, huo ni ushuru. Jioni nikafungua kamusi. Kumbe asili ni Kiarabu, kujulisha: viwango vilitangazwa wafanyabiashara wavijue, neno likapita kwa Waitaliano na Wafaransa hadi Uingereza. Mzee alikuwa sahihi, na nilimpigia simu kumwambia.

Mjukuu wa Nahodha
Langu ni "monsoon". Kidato cha pili nililikariri usiku kucha, tahajia yake ilinitesa. Na huku nyumbani Pangani, babu aliyeendesha jahazi tangu ujana alikuwa akitazama mnazi wa uani unavyoinama, anasema, "Msimu umegeuka, kusi hiyo inaingia." Ni neno lilelile! Waarabu wanasema mawsim, Wareno wakalibeba na kulitamka kivyao, Waingereza wakalipokea. Sisi tukasema msimu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni kuanzia Desemba, kusi ikayarudisha. Inaniuma kwamba darasani hakuna aliyenieleza. Somo zima ningelielewa kwa maneno ya babu.

Sina Mengi
"Zero" na "cipher", zote mbili ni sifuri yetu.

Mpishi wa Hoteli
Si yote ya Kiarabu jamani. "Apron" ninayovaa kila siku zamani ilikuwa "napron", ndugu wa "napkin". Watu waliposema "a napron" haraka haraka, sikio likapokea "an apron", ile n ikahamia kwa jirani. Ndivyo tulivyofanya sisi na kipilefti: kibao kiliandikwa "keep left", tukasikia ki-, leo mji mzima una vipilefti.

Nesi wa Zamu
Mimi ni "alcohol". Bibi aliyenilea Unguja alikuwa akisaga wanja kwenye kijiwe, kisha anauchekecha kwa kitambaa mpaka unakuwa laini kuliko poda, ndipo anatupaka sisi wajukuu. Kwa Kiarabu wanja ni kuhl, al-kuhl. Wakemia wa Ulaya wakaliita jina hilo kila unga laini sana, halafu kila kitu kilichosafishwa kikabaki kiini chake, mwisho likaangukia mvinyo uliokenekwa. Sasa nikilowesha pamba kwa spiriti kabla ya kuchoma sindano, namwona bibi na kijiwe chake.

Mleta mada
Dada nesi, asante sana. Mjukuu wa Nahodha, babu bado yupo? Muulize majina mengine ya pepo utuwekee hapa.

Mjukuu wa Nahodha
Yupo, macho tu ndiyo yamechoka. Nimempigia sasa hivi. Ameanza na matlai na umande, ngoja nichukue kalamu.