Wakuu naombeni ushauri, kuna kampuni ya Dar inataka kununua redio yetu ya wilayani

MwanaMlimani (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Wiki ya pili hii sijalala vizuri. Marehemu mzee wetu alianzisha redio ya FM huku wilayani kwetu, Nyanda za Juu Kusini, mimi ndiyo nimebaki kuisimamia. Hali ni ngumu, umeme ukikatika jenereta linakula dizeli, matangazo ya biashara hakuna, duka la pembejeo likitoa elfu hamsini tunashukuru Mungu. Sasa kuna kampuni ya Dar yenye redio zake mikoa kadhaa imeleta ofa, wanachukua hisa zote, vipindi vitatoka Dar na huku atabaki fundi mmoja na mtu wa kutafuta matangazo basi. Hela ni nzuri. Swali langu ni moja tu, bei ya redio inapigwaje? Nisije nikapunjwa.

DalaliMstaafu
Uza mkuu, tena uza mapema. Mimi mwaka 2009 nilikuwa na maktaba ya kanda za video pale stendi, mtu akaja na milioni nne nikamkatalia nikijua biashara ni ya milele, baada ya miaka mitatu kila mtu ana flashi mfukoni. Zile kanda zipo stoo mpaka leo panya wanazalia humo. Vijana wa sasa redio wanaisikilizia wapi?

BintiKahawa
Kaka mimi bei siijui ila naomba nikuulize kitu. Mama yangu yuko kijijini, kusoma hajui. Bei ya kahawa anaisikia redioni, chanjo ya ng'ombe anaisikia redioni, mama mdogo alipofariki ndugu wa ng'ambo ya mto walipata taarifa kwenye matangazo ya vifo ya saa moja jioni wakawahi kuzika. Huyo mtangazaji wa Dar atamtangaza marehemu wa kijijini kwetu? Hata jina la kijiji atalitamkaje? Mzee wako alijua anafanya nini.

ThikaRoad
Salamu kutoka Kenya. Kuuza sio lazima redio ife. Kameme FM ilianza mwaka 2000, ilianzishwa na Rose Kimotho, ndiyo ilikuwa redio binafsi ya kwanza ya Kikuyu. Baadaye ikaenda kwa Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta, na mpaka leo inaongea Kikuyu. Lakini Kikuyu kina wasikilizaji mamilioni, mwenye pesa anaona faida. Lugha ya wilaya moja hakuna tajiri ataigharamia. Jiulize anataka wasikilizaji wako ama anataka masafa yako.

MzeeWaMinnesota
Nakuja na ya huku niliko. Marekani mwaka 1996 walipitisha sheria mpya ya mawasiliano, ile ya zamani ilikuwa inakataza kampuni moja kuzidi redio 40 nchi nzima, wakaifuta hiyo. Kampuni inaitwa Clear Channel ikanunua mpaka ikafika redio kama 1,200. Jirani yetu hapa North Dakota kuna mji unaitwa Minot, redio zote sita za biashara zilikuwa zao. Januari 2002, saa saba usiku, treni ikaanguka ikamwaga amonia, wingu la sumu likatanda mjini, polisi wanapiga simu redioni watu watangaziwe, hakuna anayepokea. Mtu mmoja alikufa na wengi sana waliumia. Kampuni ilijitetea kwamba polisi ndio walishindwa kutumia mtambo wa dharura, sawa, lakini mji mzima usiku ule ulikuwa unasikiliza muziki kutoka mbali. Na utajiri wenyewe haukuwasaidia, mwaka 2018, wakiwa wanaitwa iHeartMedia, walikimbilia mahakama ya ufilisi na madeni ya kama dola bilioni 20.

FundiMawimbi
Mleta uzi, nimefunga mitambo ya FM miaka mingi. Masafa hayauzwi, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakupa uyatumie tu, ukiacha yanarudi kwao. Kama ni kampuni, hisa zikibadili mikono lazima TCRA waridhie kwanza, TRA wa kodi wanataka chao, ushuru wa stempu ni asilimia 1, ndipo BRELA, wasajili wa makampuni, wabadilishe majina. Kwa hiyo sema, leseni yako ni ya aina gani, ya biashara au ya jamii?

MwanaMlimani
Ahsanteni wote. Leseni ipo hai haina deni. Tusitoke kwenye mada wakuu, naulizia bei. Transmita ni ya wati 500, mnara mita 45, studio mbili.

FundiMawimbi
Sijauliza kama ipo hai. Nimeuliza ni ya aina gani.

BintiKahawa
Kaka jibu tu.

MwanaMlimani
Ni ya jamii. Redio imesajiliwa kwa jina la NGO aliyoanzisha mzee, mimi ni mwenyekiti wa bodi tangu afariki. Na kabla hamjaanza kunishambulia niseme yote. Mnara ulijengwa na wakulima, walikatwa sh 20 kwa kila kilo ya kahawa misimu miwili kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika. Lakini baada ya hapo hawakutoa tena hata mia, dizeli nanunua mimi, spea nanunua mimi, mbuzi wa mzee nimewauza wote. Nani mwingine ana haki na hii redio kunizidi?

JichoLaTai
Simamisha hapo. Juu umesema "hisa zote". Sasa hivi ni NGO. NGO haina hisa. Huu uzi umetungwa, au mleta uzi ndiye mnunuzi mwenyewe anapima upepo aone wananchi watapiga kelele kiasi gani. Angalieni akaunti, imefunguliwa jana.

DalaliMstaafu
Hahaha nilishaanza kumpa bei kichwani. Kumbukeni yule wa shamba la parachichi, tukamshauri kurasa tisa kumbe ni stori.

BintiKahawa
Mimi nimeandika habari za msiba wa mama mdogo humu. Kama ni utunzi Mungu anamuona.

MwanaMlimani
Si utunzi dada. Akaunti nimefungua jana kwa sababu watangazaji wangu wamo humu humu na wananijua jina ninalotumia siku zote. Neno hisa ni la kwao, ndilo lipo kwenye karatasi niliyosaini.

FundiMawimbi
Umeshasaini?

MwanaMlimani
Nimesaini makubaliano ya awali tu. Na wamenipa milioni 6 za kishika uchumba. Sijazila, vijana walikuwa wanadai mishahara ya miezi mitano, mmoja mke wake kajifungua kwa upasuaji, mngefanyaje nyinyi? Nikawalipa. Hawajui hela imetoka wapi.

FundiMawimbi
Basi sikiliza mdogo wangu. Karatasi inasema umeuza hisa, hisa hazipo, hela umepokea. Hapo bei haikusaidii kitu, tafuta wakili kesho, beba karatasi na katiba ya NGO. Bodi ilikaa? Muhtasari upo? Na mkutano na wakulima uitishe mwenyewe kabla habari haijawafikia kutoka kwa mtu mwingine.

JichoLaTai
Mimi bado nina mashaka, ila kama ni kweli nimemuonea naomba radhi. Sikiliza fundi.

MzeeWaMinnesota
Hizo milioni 6 zisikutishe, wilaya ya kahawa mnaweza kuzirudisha kidogo kidogo. Mkiamua niandikie inbox, huku tupo watu wa kwenu kadhaa.

MwanaMlimani
Nimeongea na katibu wa AMCOS usiku huu. Kanyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akaniuliza kama mama anajua. Mama hajui. Kikao ni Jumapili baada ya ibada, ghalani. Wale wa Dar nimewaambia wasubiri, wamekata simu.

BintiKahawa
Mwambie mama kabla ya Jumapili. Tunasubiri mrejesho.