Nimeacha nyama, mayai na maziwa, kazi yangu ni ujenzi na mke ni mjamzito. Hivi tunakula vya kutosha?

fundi_wa_moro
Habari zenu wadau. Mimi fundi ujenzi nipo Morogoro, nina kilo 65. Tangu mwaka jana mimi na mke wangu tuliacha nyama, samaki, mayai mpaka maziwa, ni uamuzi wa imani tunasali Sabato kwahiyo naomba hilo tusibishane. Sasa kila siku saiti naambiwa mwili utaisha, zege halibebwi kwa mchicha. Mimi nguvu bado ninazo ila wife ana mimba ya miezi mitano na mama mkwe amekuja kukaa nasi, amekazania mwanae ale mayai na supu, anaogopa mtoto atazaliwa dhaifu na mimi namheshimu sana siwezi kumjibu hovyo. Asubuhi mimi nakula kwa mama ntilie chai, chapati mbili na maharage, mchana ugali maharage, jioni wali na mboga za majani au makande, karanga hazikosekani. Hela ya vyakula vya supamaketi sina. Je hiki kinatosha au kuna kitu tunakosa??

mti_wa_uzima
Kaka tumia unga wa mlonge, kijiko kimoja asubuhi kimoja jioni kwenye uji, unashinda nyama kwa protini na vitamini zote zimo humo. Mimi na familia yangu hatuukosi, mpe na mkeo.

lishe_kwanza
Mkuu hongera kwa kuuliza mapema, mimi ni afisa lishe nikujibu kwa urefu kidogo.

Protini sio tatizo lenu kabisa. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, wewe inakuja 52 kwa siku, tuseme 65 kwa hiyo kazi yako. Sasa hesabu, kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi, ukila asubuhi na mchana ni 30, ugali wa unga robo kilo unakupa kama 20, chapati mbili kwenye 10, kiganja cha karanga 7, hapo jioni hata haijafika na umeshapita. Ila yawe maharage kweli sio mchuzi mwekundu wenye punje za kuhesabu, maana kwa mama ntilie mara nyingi ndo unachowekewa, bora uongeze hela upewe sahani ya pili. Na makande wazee wetu walipatia, mahindi yana upungufu wa laisini (moja ya vijenzi vya protini) ambayo maharage yanayo nyingi, na maharage yanapopungukiwa mahindi yanasaidia. Hata usipovila sahani moja, ukivila siku hiyohiyo inatosha. Badilisha pia, leo choroko kesho mbaazi, kunde, dengu, soya ukiipata (soya lazima iive vizuri, mbichi inazuia mwili kumeng'enya protini).

Mkeo kwa nusu hii ya pili ya ujauzito anahitaji nyongeza ya kama gramu 25 za protini kwa siku, ni kikombe kimoja na nusu zaidi cha maharage, kama tumbo linamjaa agawe mara tano kwa siku.

Linalonitia wasiwasi ni vitamini B12. Hiyo haipo kwenye mboga, nafaka wala maharage. Haipo kwenye mlonge pia, ndugu yangu hapo juu, mlonge ni mboga nzuri lakini kijiko cha unga wake kina gramu 2 tu za protini na B12 hakina. Ini linaweza kutunza akiba ya B12 kwa miaka ndomana mtu anajiona mzima, halafu taratibu damu inapungua, miguu ganzi, kusahausahau. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, mama akiishiwa na mtoto anaishiwa, na ubongo wake ndo unajengwa sasa hivi. Na vidonge vya FEFO anavyopewa kliniki ameze bila kukosa, lakini vina madini chuma na foliki tu. Foliki inaweza kuificha ile dalili ya damu huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Kwahiyo akienda kliniki aseme wazi kwamba hali nyama, mayai wala maziwa, asifiche kwa kuogopa kugombezwa.

mama_wa_watatu
Mdogo wangu mimi mimba zangu zote sikula nyama, wanangu wazima, ila damu ilikuwa inanisumbua mpaka nesi mmoja akanielekeza habari ya chai. Chai inazuia madini chuma kuingia mwilini na nyie mnakula chai NA maharage pamoja kila asubuhi!! Chai inywe saa moja au mbili baada ya kula. Mezani weka kachumbari ya nyanya na hoho ukamulie limao, au amalizie chungwa, hiyo inavuta chuma. Maharage loweka usiku kucha maji umwage, gesi inapungua na chuma inapatikana zaidi, magadi usiweke yanaharibu vitamini B. Kula dona badala ya sembe. Uji wa ulezi usiache kwa ajili ya kalsiamu, ongeza ufuta, chumvi iwe yenye madini joto. Karanga chambua, iliyosinyaa au yenye ukungu tupa, usimpe mtu wala kuku, tunajua 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu.

Na mama mkwe mshirikishe, mwende wote kliniki asikie wingi wa damu ya mwanae kwa masikio yake, atatulia.

fundi_wa_moro
Asanteni sana aisee, hiyo ya B12 hakuna aliyewahi kutuambia. Nimepita famasi kuulizia vidonge vya B12, wamenipa B komplex za bei rahisi wakasema ni zilezile, ni kweli?

lishe_kwanza
Geuza pakiti usome. Nyingi za bei rahisi zina B1, B2, B6 na nikotinamide basi, B12 hamna. Kama huoni neno B12 au cobalamin rudisha. Wewe unahitaji mikrogramu 10 kila siku, au 2000 mara moja kwa wiki ukipata vidonge vikubwa, dozi ya mkeo wapange kliniki maana huenda wakataka kumpima kwanza. Ataendelea nayo akinyonyesha. Na mtoto akifika miezi sita akianza kula, rudi tuongee, tumbo lake litakuwa dogo na uji mwepesi hautamtosha, utahitaji kuutia karanga zilizosagwa, na yeye pia atahitaji B12 yake.