Naomba ushauri: manukato ya moshi mzito, ofisini na kwenye matatu

Wadau, nina sampuli ya mililita 2 ya Bois d'Ascèse ya Naomi Goodsir: tumbaku, ubani na mreteni wenye moshi. Kwenye karatasi ya kujaribia harufu ni jiko la makaa tupu. Ngozini, baada ya nusu saa hivi, utamu wa labdanamu (utomvu wa kichaka) unajitokeza, kwa hivyo karatasi siiamini tena. Baridi ya Julai huubana moshi karibu na mwili, ila matatu ikifunga madirisha unafumuka, jirani aanze kutafuta waya unaoungua. Mpulizo mmoja kifuani chini ya shati unatosha, au nipake tone kwa kidole? Sweta ya sufu naiepuka, hushika harufu siku kadhaa. Mnaoyavaa kazini, mnapuliza muda gani kabla ya kutoka?