Difu ya kati ya gari la rimoti: mafuta ya silikoni ya uzito gani?

Swali (Uyole, Mbeya)
Habari zenu, ndugu. Gari letu la rimoti la ukubwa wa 1/8, lenye difu tatu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu: ya mbele, ya kati na ya nyuma), likitoka kwenye kona huzungusha magurudumu ya mbele bure huku ya nyuma yakikosa nguvu. Difu ya kati nimeikuta karibu kavu. Nitie mafuta gani, na yafike wapi?

Jibu (Iringa)
Kwa uwanja wa vumbi, anza na 5,000 cSt (kipimo cha uzito wa mafuta; namba kubwa ni mazito zaidi) kwenye difu ya mbele, 7,000 katikati na 3,000 nyuma. Mafuta mepesi katikati huruhusu nguvu ikimbilie upande wenye mzigo mdogo, ambao mara nyingi ni wa mbele, na ndiyo shida yako. Jaza hadi yafunike pini za gia ndogo, usifike ukingoni, kwa sababu mafuta hupanuka yakipata joto na kutafuta njia ya kutokea. Zungusha gia taratibu, kisha iache difu wima hadi mapovu yapande. Mafuta mazito hayana haraka, hasa katika baridi yetu ya Julai.

Jibu (Mbeya mjini)
Naongeza kwamba difu haikauki yenyewe, mafuta yamevuja: badilisha gasketi na oringi (vizuizi vya kuvuja), kisha kaza skrubu kwa kukingamanisha, yaani moja kisha ile inayoikabili.

Mwuliza swali
Asanteni. Oili ya injini je, haifai?

Jibu (Iringa)
Haifai kabisa, ndugu yangu. Ni nyepesi mno, na huweza kuvimbisha oringi za silikoni.