Folda ya binafsi imefungwa, lakini jina lake linasomwa na ofisi nzima

Wakuu,

Ofisi yetu hapa Dar es Salaam ilituamuru tuhamishe nyaraka zetu zote, za kazi na zile chache za binafsi, kutoka kwenye kompyuta zetu kwenda kwenye programu ya pamoja ya kutunzia nyaraka, na tukahakikishiwa kwamba kila mtumishi atakuwa na sehemu yake ambayo hakuna mwingine atakayeweza kuifungua. Ni kweli, haifunguki. Lakini majina ya folda zilizomo yanaonekana kwa kila mwenye akaunti, yamepangwa kialfabeti, kila moja na alama ndogo ya kufuli pembeni. Ukibofya unaambiwa huna ruhusa, wakati ulichotaka kujua umeshakijua.

Mwenzetu mmoja alikuwa na folda iitwayo "Ocean Road – majibu". Nani katika jiji hili asiyejua watu wanafuata nini Ocean Road, hospitali ya saratani? Alianza kupewa pole kwenye korido kabla hajamweleza hata mkuu wake wa kazi. Mwingine aliandika "Usaili – Mei", na bosi wake akamuuliza mbele ya watu anaondoka lini.

Kisanduku cha kutafutia ndicho kibaya zaidi: andika "maombi" ukitafuta fomu ya likizo, nayo programu inakupendekezea "Maombi ya talaka" ya mtu wa idara nyingine kabisa. Ukibadilisha jina, la zamani linabaki kwenye orodha ya matukio, pamoja na jina lako na saa uliyolibadilisha, kama tangazo la mnada.

Tulipolalamika, muuzaji alijibu kwamba mfumo unafanya kazi kama ulivyosanifiwa, yaliyomo yako salama, na watumiaji wachague majina yasiyofichua kitu. Yaani tununue programu ya kupanga nyaraka, halafu tuziite "Folda 1" na "Folda 2" ili tusijue wenyewe tumeweka nini wapi!

Kiufundi chanzo kinajulikana. Katika mifumo ya kuendeshea kompyuta ya jamii ya Unix, kama Linux, jina la folda halihifadhiwi ndani ya folda yenyewe bali kwenye folda mama, yaani ile iliyoibeba, hivyo mwenye ruhusa ya kuisoma folda mama huona majina yote, hata ya folda asizoweza kuingia. Hilo si kisingizio, kwa kuwa Windows Server, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea seva, ilipata uwezo wa kumficha mtumiaji folda asizoruhusiwa tangu mwaka 2005. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti, na sioni jina linalotaja hospitali ya saratani linavyoweza kukwepa kundi hilo kwa sababu tu limeandikwa juu ya folda badala ya ndani yake.

Ninachodai ni kwamba folda usiyoruhusiwa kuifungua usiione kabisa, iwe kwenye orodha, kwenye utafutaji au kwenye matukio, na iwe hivyo tangu mwanzo bila mtumiaji kuhangaika na mipangilio. Mkuu wa TEHAMA ananiambia nisubiri toleo lijalo. Kama kuna aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, naomba anieleze alianzia wapi na aliambatanisha ushahidi gani, maana picha za skrini ninazo, ila zimejaa majina ya folda za wenzangu.